Kulifuata Tone: Mwongozo Kamili wa Picha za Sanaa za Maji, Kutoka Kitulo Hadi Ziwa Nyasa

Mwezi wa sita, ukiamka alfajiri Kitulo, kwenye nyanda za juu kusini mwa Tanzania, utakuta nyasi zimekakamaa kwa jalidi, zinavunjika chini ya buti. Shuka hadi Isyonje na barabara imemezwa na ukungu, malori ya viazi yanapita taa zikiwaka mchana. Ukifika Tukuyu unapokewa na manyunyu kwenye migomba, na chini bondeni Mto Kiwira unanguruma. Kyela hewa ni nzito, shati limegandana na mgongo. Jioni umekaa mchangani Matema, miguu ndani ya Ziwa Nyasa. Ni safari ya siku moja, na njia nzima ulikuwa unakutana na kitu kimoja kikibadilisha nguo.

Nimeipita njia hii miaka mingi nikiwa na kamera ya mtumba na lenzi mbili. Kilichonichukua muda kukielewa ni kwamba maji yenyewe hayapigiki picha. Hayana rangi yao wala umbo lao. Tunachopiga ni kile ambacho maji yamekifanya: kwa mwanga, kwa jiwe, kwa jani, kwa mtu. Mwongozo huu wote umejengwa juu ya hilo, na ukilishika, hata kamera ya simu itakufikisha mbali.

Hatua ya 1: Nenda bila kamera

Chagua maji yaliyo karibu nawe. Usianze na maporomoko maarufu. Anza na mfereji unaopita nyuma ya nyumba, kisima cha mtaa, bwawa la shamba la chai kama uko Mufindi, Mto Ruaha Ndogo pale Ipogolo kama uko Iringa mjini. Nenda mara tatu kwa saa tofauti, na daftari tu.

Andika vitenzi. Lugha yetu imetusaidia sana hapa: maji hutiririka, hububujika, huchuruzika, hudondoka, hutuama, hufurika, hupwa, huchemka, huganda. Kila kitenzi ni picha tofauti yenye mbinu yake. Ukiandika "mto mzuri" kwenye daftari, hujaona chochote bado. Ukiandika "maji yanagawanyika kwenye jiwe, upande wa kushoto yanapita kimya, upande wa kulia yanatoa povu", tayari unajua utasimama wapi.

Mwishoni mwa wiki chagua vitenzi viwili au vitatu, basi. Mfululizo wa picha kumi na mbili za maji kutuama una nguvu kuliko mkusanyiko wa kila aina ya maji uliyowahi kuyaona.

Hatua ya 2: Vifaa, na namna ya kuvilinda

Unahitaji kamera inayokuruhusu kupanga mwenyewe kasi ya shata, yaani muda ambao mwanga unaingia, na ukubwa wa tundu la lenzi, tripodi isiyoyumba, na kichujio cha polaraiza, kile cha kuondoa mng'ao. Kichujio cheusi cha kupunguza mwanga ni cha pili kwa umuhimu. Simu nyingi za sasa zina sehemu ya kupanga kwa mkono, itafute kwenye menyu ya kamera. Piga kwa RAW, yaani faili ghafi, kwa sababu ukungu na jalidi vinahitaji kuguswa kwa upole baadaye na faili iliyobanwa haivumilii.

Kwa mvua, kofia ya plastiki ya kuogea inakaa juu ya kamera vizuri kuliko kitu chochote nilichowahi kununua. Beba taulo mbili ndogo, moja ya mikono na nyingine ya lenzi, na usizichanganye. Tukuyu ni miongoni mwa sehemu zenye mvua nyingi kabisa nchini, kwa hiyo kamera ikirudi nyumbani usiifungie kwenye begi. Iache wazi mahali pakavu penye hewa. Lenzi yangu ya kwanza niliihifadhi ikiwa na unyevu msimu mmoja wa masika, nikaikuta ukuvu umetambaa ndani ya kioo kama mizizi. Haikupona.

Jambo moja zaidi la njia hii ya kwetu: kushuka kutoka Kitulo, zaidi ya mita 2,600 juu ya usawa wa bahari, hadi Matema yenye mita kama 500 tu, ni kuipeleka kamera baridi kwenye hewa ya joto na unyevu. Itatoka jasho ndani na nje. Kabla ya kushuka ifunge kwenye mfuko usiopitisha hewa, na ukifika usiufungue mpaka ipite saa nzima.

Hatua ya 3: Ukungu

Nyanda za Juu Kusini zina msimu mmoja mrefu wa mvua, kuanzia mwezi wa 11 au wa 12 hadi wa nne, na huko Rungwe hata mwezi wa tano. Ukungu mzito wa milima ya Uporoto na mashamba ya chai ya Mufindi huja nao, na hurudi tena wakati wa baridi. Mwanga mzuri ni kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa mbili asubuhi. Mwezi wa sita jua la Mbeya huchomoza karibu saa moja, kwa hiyo una muda wa kunywa chai kwanza.

Kamera haiuelewi ukungu. Imefundishwa kudhani kwamba dunia ni ya kijivu cha kati, na ikikutana na weupe mwingi inaupunguza mwanga hadi picha inakuwa chafu kama maji ya kufulia. Ongeza mwanga kwa stopu moja, yaani mara mbili ya ule iliouchagua yenyewe. Kisha angalia histogramu, ule mchoro wa mwanga kwenye skrini ya kamera: mlima wake uwe upande wa kulia bila kugusa ukuta. Maji yakimwagika hayazoleki, na weupe ulioungua kwenye picha ni hivyo hivyo. Ukipita ukutani hakuna programu itakayourudisha.

Ukungu unafuta, na hiyo ndiyo kazi yake kwenye sanaa. Unachukua nyuma ya picha, waya za umeme, mabati, mabango, unakuachia mti mmoja. Kwa hiyo usitafute mandhari pana. Tafuta kitu kimoja chenye umbo linalotambulika hata kikiwa kivuli: mgomba, mkaratusi, mtu na mwavuli, ng'ombe. Kiweke mbali na katikati. Kisha tafuta kitu cha pili nyuma yake, chepesi zaidi, na kama ipo bahati cha tatu ambacho jicho linakibahatisha tu. Tabaka hizo tatu ndizo zinazompa mtazamaji umbali wa kutembea ndani ya picha.

Mwaka 1922 mpiga picha Alfred Stieglitz wa Marekani alianza kupiga mawingu, na katika picha nyingi aliondoa ardhi kabisa. Hakuna mti wala upeo wa kukuambia juu ni wapi. Mawingu yakawa hisia. Sisi tunaoishi ndani ya mawingu tuna nafasi ya kulifanya hilo bila kuinua kamera. Jaribu fremu moja kila asubuhi isiyo na ardhi, mwanga na mvuke tu. Nyingi zitakuwa tupu. Moja itakushika.

Hatua ya 4: Tone, kwa karibu kabisa

Hapa ndipo ninapokaa muda mrefu kuliko mahali pengine popote, kwa hiyo nisamehe nikirefusha.

Nyuma ya nyumba nyingi za Tukuyu kuna magimbi. Nenda baada ya mvua, au asubuhi yenye umande, uchuchumae kwenye jani moja. Jani la gimbi halilowi. Uso wake una vinundu vidogo sana vilivyopakwa nta, visivyoonekana kwa macho, na tone likiangukia juu yake hujikunja kuwa mpira na kubaki limeelea juu ya safu nyembamba ya hewa. Ndiyo maana chini ya tone kunang'aa kama fedha. Gusa jani kidogo: matone yanakimbia, yanakutana, yanaungana, yanashuka hadi kwenye kitovu pale mishipa inapokutana, na hapo linatulia tone moja kubwa linalotetemeka kwa kila upepo.

Sasa tazama ndani ya tone. Utauona mgomba wa nyuma ukiwa kichwa chini, anga chini yake, na ukitazama vizuri, mtu mdogo mweusi aliyechuchumaa: wewe. Tone ni lenzi. Linapindisha mwanga na kuigeuza picha ya vilivyo upande wa pili. Wahenga waliposema maji ya kifuu ni bahari ya chungu walikuwa wanazungumzia jambo jingine, lakini kwa mpiga picha maneno hayo ni kweli tupu.

Hatua zenyewe ni hizi. Sogea karibu kuliko lenzi ya kawaida inavyoruhusu. Kama huna lenzi maalumu ya vitu vidogo, nunua bomba la kurefushia lenzi, ambalo halina kioo ndani na bei yake ni nafuu, au kwa simu kile kioo kidogo cha kubana. Tundu liwe f/8 hadi f/11 (namba ikikua, tundu linapungua). Ukifungua zaidi, kina cha ukali kinabaki kama unene wa karatasi. Kasi isipungue 1/250, maana kwa umbali huo hata pumzi yako ni tufani. Zima fokasi ya kujiendesha. Sogeza mwili mzima mbele na nyuma polepole hadi picha iliyo ndani ya tone ikae sawa. Narudia, picha iliyo ndani, si ngozi ya tone. Haviko mahali pamoja, na inabidi uchague. Mimi karibu kila mara nachagua ya ndani.

Halafu unaweza kupanga kitakachoonekana ndani. Hiki ndicho kinachowashangaza wanaoanza. Ukimwomba mdogo wako asimame nyuma ya jani na kitenge chekundu, tone zima linakuwa jekundu. Ukitaka mgomba peke yake, sogea kushoto mpaka paa la jirani litoke. Unatunga picha ya mandhari yenye upana wa milimita nne.

Upepo ukisumbua, kaa upande unakotoka, uuzibe kwa mgongo. Jua likiwa kali, fungua mwavuli mweupe juu ya jani na mwanga utalainika. Usiongeze matone kwa chupa ya kunyunyizia kabla hujajaribu ya kweli. Matone ya chupa ni ya ukubwa mmoja na jicho hulijua hilo haraka. Umande wa kweli huja usiku usio na mawingu wala upepo, pale jani linapopoa kuliko hewa inayolizunguka. Jioni ukiona nyota wazi na miti imetulia, weka kengele.

Hatua ya 5: Mto, na swali la muda

Kiwira unapita kwenye lava, mwamba uliotokana na volkano. Kwenye Daraja la Mungu unapita chini ya jiwe lililojijenga lenyewe, na pale Kijungu unajitumbukiza kwenye shimo la mwamba na kutokea mbele yake. Kijungu kiko eneo la Chuo cha Magereza Kiwira, kwa hiyo unapita getini, unasalimia, unaeleza nia yako, unaomba ruhusa. Usiinue kamera kabla ya kuruhusiwa, wala usielekeze lenzi kwenye majengo.

Swali la mto ni moja tu: utayapa maji muda gani? Kwa 1/1000 ya sekunde kila tone linasimama hewani kama kioo kilichopasuka. Kwa 1/15 unaanza kuona nyuzi. Nusu sekunde nyuzi zinakuwa kamba. Sekunde mbili ni hariri. Sekunde thelathini ni moshi, na mto hauonekani tena.

Wengi hukimbilia hariri kwa sababu ndiyo wanayoiona kila mahali. Kwa Kiwira naona inauonea mto. Maji yale yana misuli, na misuli inaonekana kati ya 1/4 na 1/2 ya sekunde. Kwenye maporomoko ya Kaporogwe, kusini mwa Tukuyu, hali ni tofauti: yale maji yanaanguka mita nyingi yakiwa wazi, na yanavumilia sekunde nzima bila kupoteza uzito. Piga kasi tano tofauti ukiwa umesimama palepale, rudi nyumbani, uchague kwa utulivu. Hiyo ndiyo shule.

Hesabu ya kichujio cheusi si ngumu. Kila stopu inapunguza mwanga kwa nusu, kwa hiyo muda unaohitajika unakuwa mara mbili. Kichujio cha stopu 6 kinazidisha muda mara 64: kama bila kichujio ni 1/60, ukikivaa unapata kama sekunde moja. Cha stopu 10 kinazidisha mara 1,024, hivyo 1/125 inakuwa sekunde 8. Panga fokasi kabla ya kukivaa, kwa sababu baada ya hapo huoni kitu. Bonyeza kwa kipima muda cha sekunde mbili ili kidole kisiitikise kamera.

Huna kichujio? Nenda siku ya mawingu au baada ya jua kuzama, weka ISO (wepesi wa kamera kwa mwanga) ya chini kabisa, funga tundu hadi f/16 bila kupita hapo kwani ukali huanza kulegea. Polaraiza nayo inakula karibu stopu moja na nusu hadi mbili. Na kama unatumia simu, iweke kwenye tripodi, piga fremu ishirini mfululizo bila kuigusa, kisha kwenye kompyuta zichanganye kwa wastani. Maji yanalainika, mawe yanabaki makali.

Polaraiza inastahili maneno yake. Inaondoa mng'ao juu ya maji na juu ya mawe yaliyolowa, na rangi zilizofichwa chini zinajitokeza: kijani cha mwani, wekundu wa jani lililozama. Inafanya kazi vizuri zaidi ukitazama maji kwa mshazari, kati ya nyuzi 30 na 40 kutoka usawa wake. Izungushe taratibu huku ukitazama. Mara nyingine mng'ao ndio picha yenyewe, na hapo uiache.

Upinde wa mvua unaotokea mbele ya maporomoko una sheria yake: jua liwe mgongoni kwako, na upinde utakaa nyuzi 42 kutoka kwenye kivuli cha kichwa chako. Jua likipanda sana, unaweza kuupata tu ukiwa juu unatazama chini. Angalia usije ukaufuta kwa polaraiza, maana mwanga wake ni aina ileile kichujio hicho kinayoizuia. Zungusha mpaka ung'ae.

Mawe yana utelezi kuliko yanavyoonekana. Vaa viatu vya kushika, usiende peke yako, na kama mvua imenyesha milimani toka mtoni hata kama hapo ulipo ni jua. Mto hujaa kabla hujasikia.

Hatua ya 6: Jalidi

Kitulo ilitangazwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 2005, na watu huijua kwa maua ya msimu wa mvua. Mimi naipenda mwezi wa sita na wa saba, maua yakiwa yamelala na jalidi, wengine huiita sakitu, imekaa juu ya nyasi. Lala karibu, Matamba kwa mfano, lipa kiingilio, na uliza mapema kuhusu kibali kama picha ni za kuuza.

Una kama nusu saa. Kabla ya jua kila kitu ni buluu. Jua likigusa ncha za nyasi zinakuwa dhahabu huku vivuli vikibaki buluu. Kisha maji yanadondoka na mchezo umekwisha. Weka mizani ya rangi kwenye alama ya jua la mchana. Ukiiacha ijipange yenyewe itaiua ile buluu. Ongeza mwanga kama kwenye ukungu. Betri huchoka haraka kwenye baridi, kwa hiyo ya akiba ikae mfuko wa ndani, kifuani.

Piga jani moja moja. Mkulima wa Marekani, Wilson Bentley, alianza mwaka 1885 kupiga chembe za theluji moja moja kwa kamera iliyofungwa kwenye hadubini, akiwa ameshika pumzi ili asiziyeyushe, na maisha yake yote alikusanya zaidi ya 5,000. Shika pumzi na wewe. Joto la mdomo linatosha kuiharibu sindano ya barafu uliyoisafiria kilomita themanini.

Na ukumbuke kwamba uzuri huo kwa jirani yako ni hasara: jalidi inaunguza viazi. Ukimkuta mtu shambani asubuhi hiyo, mpe pole kwanza.

Hatua ya 7: Ziwa

Matema ukitazama kusini huoni ng'ambo, maji na anga tu. Milima ya Livingstone imesimama mashariki, hivyo jua huchelewa kutoka, na kwa muda mrefu ziwa linapata mwanga mlaini usio na kivuli. Hiyo ni zawadi.

Fanya zoezi moja. Weka tripodi mahali pamoja, upeo wa maji ukate fremu katikati kabisa, na piga picha ileile asubuhi, adhuhuri, jioni, usiku wa mbalamwezi, siku ya upepo. Hiroshi Sugimoto wa Japani amekuwa akipiga bahari za dunia hivi tangu 1980, nusu maji nusu hewa, na hazifanani hata mbili. Upeo uwe sawa kabisa. Ukiinama hata kidogo ziwa linamwagika.

Anga ikiwa na mwanga mwingi kuliko maji, piga mara mbili, moja kwa anga na moja kwa maji, uziunganishe. Si udanganyifu wa kompyuta: Gustave Le Gray wa Ufaransa alifanya hivyo miaka ya 1850 kwa kuunganisha negativu mbili, kwa sababu vioo vya wakati ule havikuweza kushika bahari na mawingu kwa pamoja.

Kuna siku utaona moshi mweusi umesimama juu ya ziwa kwa mbali. Huenda si moshi wala mvua, ni wadudu wadogo wanaotoka majini kwa mamilioni. Vaa lenzi ndefu. Ni picha ya maji pia.

Hatua ya 8: Maji yasiyokuwepo

Hii ni hatua fupi lakini naiamini sana. Nenda Isimila, karibu na Iringa kwenye barabara ya kuja Mbeya. Zile nguzo ndefu za udongo zimechongwa na maji ya mvua kwa muda usiohesabika. Unapiga maji yaliyopita. Tumia mwanga wa pembeni wa asubuhi au jioni ili kila mfereji utoe kivuli.

Mto Ruaha Mkuu nao, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, tangu mwaka 1993 umekuwa ukikauka wakati wa kiangazi, na tembo huchimba mchangani kutafuta maji. Tope lililopasuka lipigwe kutoka juu, kamera ikiwa sambamba na ardhi, fremu ikijaa pembe hadi pembe. Mfululizo wa maji usio na ukame ndani yake naona haujasema yote.

Hatua ya 9: Watu

Siku moja kijito cha karibu na kwetu nilikuwa nimeinama kwenye povu, mama mmoja akashuka na ndoo.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Unapiga nini hapo?"

"Napiga maji, mama."

Akajaza ndoo, akaweka kata ya kitenge kichwani, akanitazama. "Maji tu? Na sisi tunaoyabeba?"

Tangu siku ile mfululizo wangu una mikono. Maji yakimwagika ukingoni mwa ndoo, shingo iliyolowa, alama ya kata kwenye kitenge, vyungu vya Wakisi, wafinyanzi wa huko ziwani, vilivyopangwa ufukweni Matema vikingoja kujazwa. Omba ruhusa kabla, onyesha picha baada, na kwa mtoto muulize mzazi. Huhitaji uso kila mara. Maji yanayotetemeka ndani ya ndoo iliyo kichwani yanasema uzito wa safari vizuri kuliko uso uliopangwa.

Hatua ya 10: Kuchagua, kusafisha, kuchapa

Acha picha zikae wiki mbili bila kuzifungua. Kisha zichape ndogo ndogo, hata kwa karatasi ya kawaida, uzitandaze sakafuni. Ondoa kila picha ambayo sababu ya kuipenda ni taabu uliyoipata kuipiga. Panga zilizobaki kwa namna maji yanavyosafiri, au kwa mwanga, kutoka nyeupe hadi nyeusi. Usipange kwa mahali. Kumi zinatosha.

Kwenye programu, uwe na mkono mwepesi. Kitelezi cha kuondoa ukungu ni adui wa picha ya ukungu. Povu liwe na alama za kijivu ndani yake, lisiwe nyeupe tupu.

Kwa uchapaji wa nukta 300 kwa inchi, kamera ya megapikseli 24 inakupa picha ya sentimita 50 kwa 33, na simu ya megapikseli 12 kama 34 kwa 25. Chagua karatasi isiyong'aa. Juu ya karatasi inayong'aa mtazamaji anaona dirisha lake mwenyewe badala ya ziwa. Na mweleze fundi wa studio asirekebishe chochote. Picha zangu sita za ukungu wa Isyonje niliwahi kuzipokea zikiwa nyeusi na kali, kwa sababu mashine ilikuwa imewekwa ijirekebishe na hakuna aliyeizima. Omba kipande cha majaribio cha kiganja kimoja kwanza, ukitazame nje kwenye mwanga wa mchana, ndipo ulipie kubwa.

Amua idadi ya nakala kabla ya kuuza ya kwanza, iwe tano au kumi, na usiivunje ahadi hiyo. Andika nyuma kwa penseli: mahali, mwezi, mwaka, namba ya nakala, sahihi. Chini ya picha, jina liwe fupi. Mimi hutumia vile vitenzi vya daftari la kwanza: Yanatuama. Yanachuruzika. Yamepwa. Ukiweka fremu, acha nafasi ndogo kati ya karatasi na kioo, kwa sababu kwenye hewa ya Tukuyu karatasi iliyogusa kioo hugandana nacho.

Nakala moja ya ziada, nje ya hesabu, itenge kwa yule uliyempiga. Ya kwangu ya kijitoni nilimpelekea yule mama ikiwa imefungwa kwenye gazeti. Aliitazama mikono yake kwa muda mrefu, akaniuliza ndoo ile niliipiga siku gani, maana ilishapasuka.